Mchango Usio na Stakabadhi: Mitaa ya Mashariki ya Nairobi, 1950 hadi 1954

Katika kurasa zilizotangulia Mweka Hazina ametoa hesabu za mwaka, na kila shilingi iliyopokewa ina stakabadhi yake. Twaona vema kuandika hapa habari za mchango mwingine, uliotolewa zamani katika mitaa yetu hii, toka Pumwani na Shauri Moyo hadi Ziwani na Bahati, ambao hauna daftari la kukaguliwa. Nao ni mchango waliotakiwa wenyeji wa mji kuwalipa wapiganaji waliojiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, ambao Serikali ya kikoloni iliwaita Mau Mau.

Sababu ya kukosekana kwa stakabadhi si ngumu kuielewa. Tarehe 12 Agosti 1950 Serikali ilikipiga marufuku chama hicho, na tangu siku hiyo karatasi yenye jina na kiasi cha fedha ilikuwa ushahidi wa kumpeleka mtu gerezani. Fedha zikapita mkono kwa mkono. Aliyepokea alipaswa kuaminiwa, na aliyetoa hakuwa na la kuonyesha akidaiwa mara ya pili.

Mlango wa kwanza wa malipo ulikuwa kiapo. Mtu aliitwa usiku katika chumba cha jirani, akaapishwa, kisha akaambiwa ada. Kwa wengi ada hiyo ilikuwa kiasi cha shilingi 60. Asiyekuwa nazo alitanguliza kidogo, akabaki na deni. Kwa kibarua wa siku zile hizo zilikaribia mshahara wa mwezi mzima. Kamati ya Carpenter, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954, iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja. Sasa mwenye mke na watoto shambani atoe wapi shilingi 60?

Alizitoa kwa njia aliyokwisha kuizoea. Watu wa Kikuyu walikuwa wamejenga shule zao wenyewe kwa kuchangishana, na chuo cha Githunguri kilisimama kwa michango iliyokusanywa rika kwa rika. Hapa mjini, watu wa wilaya moja walikuwa na desturi ya kuchangia mazishi na safari za wagonjwa. Kwa hiyo wakusanyaji hawakuhitaji kubuni utaratibu mpya; walipita katika njia zile zile, kwa wenye maduka, madereva wa teksi, wachuuzi wa sokoni na wanawake wenye nyumba. Katika vyama vya wafanya kazi vya akina Fred Kubai na Bildad Kaggia watu walikuwa wamejifunza pia kulipa ada na kutii kamati. Fedha zikanunua dawa, nguo na risasi, vikapelekwa kwa siri, mara nyingi mikononi mwa wanawake, hadi misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Je, walitoa kwa hiari? Wako waliotoa kwa moyo wote, maana ardhi yao ilikuwa imechukuliwa. Wako pia waliotoa kwa hofu. Bwana Tom Mbotela, aliyepinga hadharani matumizi ya nguvu, aliuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma. Na Novemba 1953 akauawa Bwana Ambrose Ofafa, diwani na mweka hazina wa Luo Union. Majina yao yamebaki katika mitaa yetu. Kwa kumkumbuka Ofafa wenzake walichanga fedha wakajenga ukumbi Kisumu, na mchango huo ulitolewa mchana, mbele ya watu. Sisi twaona kwamba hiari na hofu mara nyingi zilikaa katika mfuko wa mtu mmoja, wala si haki kumhukumu mpangaji wa chumba kimoja kwa jambo hilo.

Naye hakudaiwa upande mmoja tu. Mwaka 1953 Serikali ilitoza Wakikuyu, Waembu na Wameru kodi ya pekee ya shilingi 20 kwa ajili ya gharama za Hali ya Hatari. Mtu yule yule alilipia vita pande zote mbili! Mwezi wa Septemba mwaka huo ikatoka amri ya siri ya kususia mabasi, sigara na bia, nao Waluo, Wakamba na Waluhya wasiokula kiapo chochote wakaenda kazini kwa miguu pamoja na wengine. Nauli iliokolewa, ni kweli, ila viatu navyo vyataka fedha.

Serikali iliamini kwamba msitu ulikula kutoka Nairobi. Alfajiri ya 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji katika Operation Anvil; zaidi ya watu 20,000 wakazuiliwa, wakapitishwa Langata na kupelekwa Manyani na Mackinnon Road. Njia ya michango ikakatika, na vyumba vingi vilivyoachwa vikapata wapangaji wa makabila mengine.

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Zile shilingi 60 za wapangaji wa Pumwani na Bahati hazikuwamo katika madai hayo, wala hapana aliyeweza kuzidai.