Utenzi wa mgonjwa

Wengi wetu tulikutana na Utenzi wa Mwana Kupona darasani, tukaambiwa ni wosia wa ndoa: mke amtii mumewe, ajipambe, atunze nyumba. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke, na tangu hapo ubishi haujaisha: je, unamkandamiza mwanamke au unamfunza kujiendesha? Ubishi huo ni wa haki. Lakini umefunika jambo lililo wazi tangu beti za kwanza: anayesema ni mgonjwa, na maradhi yamemlemea mwaka mzima.

Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Masultani wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 Hijria, anamwita binti yake, Mwana Hashima, asogee karibu na wino na karatasi. Anaahidi kumpa hirizi aifunge kwa uzi, na kumtungia kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Vito hivyo ni maneno yake mwenyewe. Mwili umechoka, naye bado anampamba mwanawe.

Katikati ya mafunzo anasimulia kifo cha mumewe, jinsi alivyokata roho akimsifu na kumshukuru mkewe. Tangu siku hiyo, asema, kilio hakijanyamaza kila akumbukapo furaha yao na mazoea yao. Hapo ndipo ninapousoma utenzi huu kwa namna nyingine kabisa. Maradhi ya mwili na majonzi ya moyo vimekaa katika kifua kimoja, naye hakuvitenganisha. Alivitaja vyote, tena kwa vina na mizani, mbele ya mtoto aliyekuwa akikaribia kubaki yatima.

Kisha mafunzo yanageuka dua. Anawakabidhi wanawe kwa Mungu, anawaombea ndugu, anajiombea mwenyewe apone. Mtunzi, asema, ni mtu mgeni mwenye huzuni.

Alifariki miaka michache baadaye. Beti zake 102 ziliendelea kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu, na wanawake wa Lamu wakazihifadhi kwa moyo, dua zake zikiwa pamoja na mafunzo.