Dunia bapa, sauti za motoni na lile shimo la Warusi

Wadau, juzi nilikuwa kafe, jirani yangu dogo mmoja wa kidato cha nne, hedifoni masikioni, macho kayatoa. Nikamuuliza kulikoni. "Braza, kumbe dunia ni bapa, shuleni tumedanganywa! Na huko chini kuna moto, Warusi walichimba wakasikia watu wanalia. Hebu sikiliza." Akanipa hedifoni. Sekunde tano tu nikaitambua ile sauti. Mwaka 2003 mimi mwenyewe niliisambaza kwa barua pepe. Nitarudi hapo, maana mpaka leo linaniuma.

Tuanze na ubapa. Wengi wanadhani ni imani ya wazee wa kale ambayo sayansi ya juzi imeifuta. Si kweli. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, Mgiriki aliyekuwa Alexandria kule Misri, alipima kivuli cha jua la mchana, akalinganisha na mji wa Syene (leo Aswan) ambako siku hiyo jua lilikuwa utosini kabisa. Tofauti ilikuwa nyuzi 7 na kidogo, yaani sehemu moja ya 50 ya duara. Akazidisha umbali wa miji ile miwili mara 50, akapata mzunguko wa dunia. Karne ya 11 naye Al-Biruni akapanda mlima, akapima upeo wa macho umeinama kiasi gani, akapata ukubwa wa dunia bila kusafiri kokote.

Huu ubapa wa kwenye video ni wa majuzi. Baba yake ni Mwingereza Samuel Rowbotham. Mwaka 1838 aliingia kwenye mfereji ulionyooka maili 6 huko Bedford Level, akatazama mashua ikienda mbali, akasema ameiona mpaka mwisho, kwa hiyo maji hayana mgongo. Alichosahau ni kwamba hewa iliyo karibu na maji hupinda mwanga. Mwaka 1870 mfuasi wa mawazo hayo, John Hampden, akaweka dau la pauni 500. Alfred Russel Wallace, yule mwanasayansi mwenzake Darwin, akalipokea. Akainua macho juu ya maji, akaweka alama tatu za kimo kimoja: hapa, katikati na kule mwisho. Ya katikati ikaonekana imepanda juu ya mstari. Mwamuzi akampa ushindi. Unadhani Hampden alikubali? Wapi! Alimwandama kwa barua za matusi na vitisho miaka na miaka mpaka akafungwa jela, na Wallace aliishia kutumia pesa nyingi mahakamani kuliko alizoshinda. Ndiyo maana mimi sibishani na watu wa ubapa kwa hasira.

Dogo nilimpa jaribio moja tu. Kwenye ramani yao, Ncha ya Kaskazini ipo katikati ya sahani, na Nyota ya Kaskazini ipo juu yake. Sasa kama sote tumekaa kwenye sahani moja, kila mtu angeiona. Cairo inaonekana vizuri, karibu nyuzi 30 juu ya upeo. Dar es Salaam hutaiona hata ukeshe, ila utauona Msalaba wa Kusini. Mabaharia wa majahazi hawakuhitaji darasa kwa hili. Na jahazi lenyewe likitokea Unguja, mtu wa ufukweni huanza kuona tanga, mwili wa chombo baadaye. Ukisimama ufukweni, macho yako mita 2 juu ya maji, upeo wako ni kama kilomita 5 tu.

Haya, twende chini.

Lile shimo ni la kweli, hapo dogo hakukosea. Lipo Rasi ya Kola, kaskazini magharibi mwa Urusi karibu na Norway. Walianza kuchimba Mei 1970, na mwaka 1989 wakafika mita 12,262. Hakuna shimo lililokwenda chini zaidi mpaka leo. Lakini upana wake ni sentimita 23, sahani ya wali haipiti! Walitegemea joto la nyuzi 100 hivi, wakakuta 180. Mwamba ukawa laini kama plastiki, shimo likawa linataka kujifunga. Lengo la kilomita 15 likashindikana, mwaka 1992 wakaacha. Walichokikuta ni maji ndani ya mwamba kwenye kina ambacho hawakutarajia, na mabaki ya viumbe vidogo sana vya kale. Vilio, hapana.

Hadithi ya vilio ilianza kuzagaa 1989, ikidai ni Siberia, kina kilomita 14.4, joto zaidi ya nyuzi 1,000. Hakuna hata kimoja kinacholingana na Kola. Televisheni ya kidini ya Marekani ikairusha, mwalimu mmoja wa Norway akaitia chumvi makusudi ili aone kama wataihakiki. Hawakuhakiki. Waliochunguza sauti yenyewe wanasema imetolewa kwenye sinema ya kutisha ya 1972 inayoitwa Baron Blood, ikachakachuliwa.

Mimi sikuyajua hayo. Niliituma kwa watu kama thelathini, kisha nikampelekea shangazi kwenye kaseti, kwa mbwembwe zote. Mwaka ule alikuwa amemzika mwanae, kijana ambaye hakuwa mtu wa ibada. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Halafu akaniuliza, "Baba, na huyu wangu yumo humu?" Nilikosa jibu. Nilipokuja kupata ukweli miaka mitatu baadaye nilikwenda kumweleza yote. Alinisikiliza, akasema tu, "Mbona umechelewa hivyo?"

Sasa dogo akanibana: "Kama wamefika kilomita 12 tu, huko kwingine mnajuaje?" Swali zuri, maana mpaka katikati ni kilomita 6,371. Jibu ni kama nazi sokoni. Huipasui, unaitikisa sikioni. Tetemeko likipiga, mawimbi yanapita ndani ya dunia nzima na mitambo ya nchi nyingine inayanasa. Yapo ya kusukumana na yapo ya kutikisika ubavu, na haya ya pili hayapiti kwenye kimiminika. Yanapokatika upande wa pili wa dunia, unajua ndani kuna kitu kilichoyeyuka: ni kiini cha nje, kinaanza kama kilomita 2,900 chini. Mwaka 1936 mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, akisoma mawimbi ya tetemeko la New Zealand, akagundua kwamba ndani ya hicho kuna kingine kigumu.

Na wale wanaosema dunia ina uwazi ndani wenye watu wake? Wazo hilo alilitoa hata Edmond Halley mwaka 1692. Ila mwaka 1798 Henry Cavendish aliipima dunia, akapata ni nzito karibu mara 5.5 ya maji. Mawe tunayoyakanyaga ni mara 2.7 hivi. Kwa hiyo ndani kumejaa vitu vizito zaidi, uwazi utakaa wapi?

Moto wenyewe, kama dogo anautaka, haina haja ya Urusi. Olkaria pale Naivasha wanachimba visima vya kilomita moja mpaka tatu, mvuke unaotoka unazalisha umeme tangu 1981. Na Ol Doinyo Lengai, uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007 baada ya matetemeko ya Julai yaliyotikisa mpaka Nairobi, unatoa lava ya nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi kama oili chafu. Ikipoa, siku chache baadaye inageuka nyeupe.