ZIWA LETU NA MPAKA WAKE
Habari za Maji ya Tanganyika na Watu wa Rumonge

Nataka kuwakumbusha ndugu zangu wa Rumonge jambo ambalo vijana hawalijui, na sisi watu wazima tumelisahau kwa kupenda kulisahau. Pwani hii tunayoikaa haikuwa mahali pamoja siku zote. Ziwa liliondoka nasi tukalifuata. Kisha likarudi likatukuta.

Wazee wetu wengi walikuja kwa njia ya maji, wengine kutoka Ujiji, wengine kutoka Manyema ng'ambo ya pili, zama zile misafara ya pwani ilipoifanya Ujiji kuwa bandari yake. Ndiyo sababu Kiswahili na Uislamu vilishika mizizi katika ukanda huu wa chini zaidi kuliko milimani. Riziki ilikuwa mawese na samaki. Ndagala hufuata taa, na taa haifai kitu mwezi ukiwa mkubwa; basi mvuvi wetu huuhesabu mwezi kama auhesabuvyo imamu, mmoja kwa ajili ya nyavu na mwingine kwa ajili ya saumu. Lakini hesabu hiyo ni ya siku. Hesabu ya miaka hakuna aliyeishika.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470; hata hivyo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upande wa Kongo. Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliuona umezibwa kwa majani na tope. Mvua zikaleta, mlango usitoe. Stanley, aliyekutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliporudi mwaka 1876 aliikuta miti iliyokuwa sokoni imesimama majini. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kile kikabomoka, maji yakaenda kwa nguvu kuelekea mto Kongo, na katika miaka 15 hivi ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Si mita 10 za kwenda ufuoni, bali za kwenda chini, kama kimo cha mnazi! Mahali penye ufuo tambarare nchi mpya ikatokea. Ujiji ikabaki mbali na maji yake, na Wajerumani walipoleta reli mwaka 1914 waliifikisha Kigoma, penye bandari ya kina. Mji mkubwa ukashushwa cheo na mto ambao wengi wa watu wake hawakupata kuuona.

Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka 1961, na ziwa likapanda hata mwaka 1964. Mimi sikuwa nimezaliwa. Marehemu baba yangu aliyaona maji hayo, na mara nyingi alituonyesha mwembe mmoja akisema, "Yalifika hapa." Tukamcheka, kwa kuwa kutoka mwembeni hata majini palikuwa na mashamba na njia ya miguu. Baadaye pakawa na nyumba. Viwanja vilipimwa chini ya mwembe ule na watu wakapewa risiti, aliyevipima simtaji.

Yafaa tujue kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haitoki kwa mto, huchukuliwa na jua. Kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi yatosha kulipandisha, nayo hukawia kushuka. Tena sisi wenyewe tumelisaidia kutudhuru: vilima vimekatwa miti, na mito kama Dama na Murembwe hushuka na udongo mwekundu unaojaza midomo yake na kuharibu mazalio ya samaki. Mvuvi na mwenye shamba hulaumiana, kumbe aghalabu ni watu wa nyumba moja.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka mita 150 za kutojengwa kandokando ya Tanganyika. Wengine husema ni uonevu. Nawajibu kuwa mafakihi wetu walitangulia kulisema: kisima kina harimu yake, na mto una harimu yake, na katika madhehebu ya Shafii imetajwa kuwa haifai kujenga katika harimu ya mto ijapokuwa jengo lenyewe ni msikiti. Shaka yangu ni moja tu: mita 150 hizo zahesabiwa kutoka ufuo upi? Mwenye kuhesabu kutoka ufuo wa mwaka wa kiangazi amejihadaa. Ihesabiwe kutoka alama ya 1964.

Nayasema haya kwa sababu mbele ya Jumuiya yetu pana ombi la kuijenga upya madrasa ya ufuoni iliyoingiliwa na maji mwaka 2021, palepale, kwa mchango wenu. Walioomba ni watu wema, na mmoja wao alinifundisha mimi alifu na be. Rai yangu ni kwamba isijengwe pale, ingawa kiwanja cha juu ni ghali na watoto watatembea mbali zaidi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 nilikwenda kuutazama mwembe wa baba. Palikuwa na mtumbwi umefungwa shinani.