Ubuntu na Utu

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, amebadilisha mfumo wa kompyuta yake mara tatu mwaka huu, yote ya familia ya Linux. Alianza na Mint, maana yake nanaa. Akaenda Fedora, jina la kofia. Sasa ametulia kwenye Ubuntu. "Mjomba, hili nalo neno la nani?" akaniuliza.

Ni la jamaa zetu. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa utu. Kiambishi chao ubu- ndicho u- chetu. Shina lao -ntu kwetu limedondosha n, likabaki -tu. Ndiyo maana umuntu ni mtu, na abantu ni watu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilichagua liwe jina la mfumo huo, na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004, bila malipo. Hapo ndipo ninapofurahi zaidi, kwa sababu katika Kinyarwanda na Kirundi ubuntu ni ukarimu, na ku buntu ni bure!

Kiswahili nacho kimeingia katika programu za bure: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutafsiri kwa Kiswahili programu za ofisi za OpenOffice, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ya namna hiyo haijaisha. Menyu za Ubuntu hutafsiriwa na watu wa kujitolea. Wanafunzi mnaoijaribu mifumo hii, msiishie kubadilisha picha ya skrini. Tafsirini japo maneno kumi, kwa Kiswahili fasaha.