Tathmini Si Uthamini: Reli ya Kisumu na Jamii za Walio Wachache

Katika kila mpango wa reli Afrika Mashariki leo, kuna istilahi moja isiyokosekana: tathmini ya athari za kijamii. Maana yake ni uchunguzi unaofanywa kabla ya ujenzi kuanza, ili ijulikane maisha ya watu yatabadilika vipi, nani atanufaika, nani ataumia, na hatua gani zichukuliwe ili maumivu yapungue na manufaa yawafikie wengi. Kiswahili kimeipokea dhana hii vizuri, na sioni haja ya kuibadilishia jina. Kasoro iko katika matumizi. Mara nyingi tathmini huchukuliwa kuwa ni uthamini, yaani kazi ya kupima ardhi na majengo na kuyapangia bei ya fidia. Nashikilia kwamba mkanganyiko huu huzidhuru kwanza jamii ndogo zisizo na hati miliki, na historia ya reli ya Kisumu inathibitisha hivyo.

Mkanganyiko wenyewe una asili inayoeleweka. Tathmini, thamani na uthamini ni maneno ya ukoo mmoja, na mwananchi anayemwona mthamini akipima shamba lake ana haki ya kudhani kwamba hiyo ndiyo tathmini iliyotangazwa kwenye baraza la chifu. Lakini kazi hizi mbili huanza na maswali tofauti. Uthamini huuliza: mali hii ni ya nani, na ina bei gani? Tathmini huuliza: maisha ya nani yatabadilika, awe na mali au asiwe nayo? Neno athari nalo linahitaji uangalifu. Kwa kuwa Kenya tumezoea kuwaita wahanga wa mafuriko na moto waathiriwa, tunasikia madhara tu, ilhali dhana hii inahusu pia ajira, masoko na usafiri. Na neno jamii, ambalo ni shina la kijamii, lina maana mbili kwa Mkenya: watu wote kwa ujumla, na pia kundi lenye lugha na asili yake, kama tunaposema jamii ya Waluo au jamii ya Wanubi. Tathmini ya kweli hushika maana zote mbili. Ikishika ya kwanza peke yake, takwimu za wengi huwafunika wachache.

Dhana yenyewe ilizaliwa kutokana na masuala ya walio wachache. Sheria ya mazingira ya Marekani ya mwaka 1969 ilidai miradi mikubwa ichunguzwe kabla ya kuidhinishwa, na istilahi hii ilianza kusikika miaka michache baadaye, katika mjadala wa bomba la mafuta la Alaska, ilipoulizwa, baada ya wataalamu kushughulikia barafu na wanyama, mila na maisha ya Wainuiti yangekuwaje. Nchini Kanada, Jaji Thomas Berger aliongoza uchunguzi kuhusu bomba la bonde la Mackenzie kuanzia 1974, akawasikiliza wenyeji katika makazi yao, na mwaka 1977 akapendekeza mradi huo usitishwe kwa miaka 10 ili madai yao ya ardhi yatatuliwe kwanza.

Reli iliyofika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901 haikuuliza swali kama hilo. Wanandi, ambao nchi yao ilipakana na njia hiyo, waliipinga kwa miaka mingi. Baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 1905, walisukumwa kaskazini, mbali na reli. Vilevile utawala wa kikoloni ulileta watu. Wahindi zaidi ya 30,000 waliajiriwa kujenga njia hiyo, na baadhi ya waliobaki walilima huko Kibos, nje kidogo ya Kisumu. Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan kulitumikia jeshi la Mwingereza, nao waliwekwa katika makazi kadhaa ya nchi, Kibos ikiwemo. Hawakutengewa eneo la asili kama makabila mengine, na ardhi waliyopewa kuishi haikuwa yao kwa maandishi.

Matokeo ya pengo hilo yalionekana Februari 2021. Reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu ilikuwa ikikarabatiwa, na usiku mmoja tingatinga zilibomoa nyumba za Wanubi wa Kibos katika ardhi ambayo Shirika la Reli la Kenya lilisema ni yake. Watu zaidi ya 3,000 waliachwa bila makao wakati wa janga la korona. Mwezi Desemba mwaka huohuo treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea Kisumu, na faida yake kwa wasafiri na wafanyabiashara ni dhahiri. Hata hivyo, kwa kipimo cha uthamini, waliobomolewa Kibos hawakuwa na hasara ya kuandikwa, kwa kuwa hawakuwa na hati. Tathmini ingeandika mengi: masomo yaliyokatizwa, majirani wanaosaidiana malezi na maziko, makaburi ya wazazi, na lugha ya Kinubi, ambayo huishi kwa sababu wasemaji wake wanaishi pamoja. Familia 100 zikitawanywa katika mitaa 10, bei ya mabati yaliyovunjwa haiwezi kuonyesha kilichopotea.

Wapo watakaosema kwamba ardhi ya reli ni ya umma, na aliyevamia hastahili chochote. Lakini Katiba ya 2010, katika ibara ya 40, inaruhusu fidia kwa wakaaji wa nia njema hata wasipokuwa na hati. Tena, Januari 2021, wiki chache kabla ya Kibos, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Mitu-Bell kwamba watu wasio na ardhi wanaoishi kwenye ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa. Zaidi ya hayo, kumwita mvamizi mtu ambaye wazee wake waliwekwa hapo na serikali ni kuigeuza historia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kupima athari kwa kila jamii kutachochea ukabila katika mji ambao umeumizwa na siasa za ukabila, na Waluo wenye vibanda kando ya reli nao wamebomolewa. Ni kweli, na hasara yao lazima iandikwe. Lakini wengi wao wana dala, boma la ukoo mashambani, ambako mtu anaweza kurudi na ambako atazikwa. Mnubi wa Kibos hana dala nyingine. Kuitambua tofauti hiyo hakumpendelei mtu, na ibara ya 56 ya Katiba inaidai serikali iwe na mipango mahususi kwa walio wachache. Chuki huchochewa zaidi na dhuluma iliyofichwa kuliko na hesabu iliyo wazi. Na kwa wanaosema kwamba tathmini huchelewesha mradi, miezi ya kusikiliza watu ni michache ikilinganishwa na miaka ya kesi.

Sasa mpango ni kuifikisha reli ya kisasa (SGR) Kisumu kutoka Naivasha, kisha Malaba. Njia hiyo itapita kwa Wamaasai na Wakipsigis kabla ya kuufikia uwanda wa Kano, na kila jamii itaguswa kwa namna yake. Kwa hiyo, msomaji uliye kando ya njia hiyo, ukiitwa kwenye baraza uambiwe tathmini imekamilika, omba uoneshwe ripoti. Tafuta humo jina la jamii yako, na la jirani yako aliye mchache kuliko wewe. Ukikuta bei tu, sema hadharani kwamba huo ni uthamini, na kwamba tathmini bado haijafanywa.