Kikao Kisianze Kabla ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Wengi wetu tulilifahamu baraza la kijiji la Uingereza kupitia video moja. Mwanzoni mwa Februari 2021 ilisambaa mtandaoni rekodi ya kikao cha Handforth, eneo dogo la Cheshire, kilichofanyika kwa Zoom Desemba iliyotangulia. Jackie Weaver, ofisa wa chama cha mabaraza ya Cheshire aliyekuja kusaidia kikao kiende, alimtoa mwenyekiti kwa kubonyeza kitufe tu. Wajumbe wengine wakaanza kufoka, mmoja akimtaka kwa ukali asome kanuni. Dunia nzima ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, ikacheka mpaka machozi. Hivi kweli watu wazima wanagombana hivi kwa ajili ya kamati ya kijiji?

Wasomaji wa riwaya walikwishakutana na ugomvi wa aina hiyo. Mwaka 2012 J. K. Rowling alitoa The Casual Vacancy, riwaya yake ya kwanza ya watu wazima. Waliotarajia uchawi walipewa baraza la parokia. Diwani mmoja, Barry Fairbrother, anakufa ghafla, na kiti chake kinagombewa kama urithi wa ukoo. Kinachogombewa hasa si kiti. Pembeni ya kijiji kizuri cha Pagford kuna mtaa wa maskini unaoitwa the Fields, na kundi moja linataka mtaa huo ukatwe na kukabidhiwa mji jirani. Marehemu, aliyekulia huko, ndiye aliyekuwa akizuia. Jina la riwaya lenyewe limetoka kwenye lugha ya sheria: ni nafasi inayobaki wazi kabla ya muda wa uchaguzi.

Nadhani Rowling alishika jambo ambalo video ya Handforth ililificha. Baraza hili dogo, linalojadili benchi, taa na ua uliokua mpaka barabarani, lilizaliwa kutokana na swali zito: nani ana haki ya kukaa mezani kijijini? Tuliangalie kwa utaratibu.

Kwanza jina. Neno parokia lisikupeleke kanisani moja kwa moja. Mipaka ni ya zamani ya kanisa, lakini leo baraza la parokia ni chombo cha kiraia, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa ya Uingereza, chini ya wilaya na kaunti. England ina mabaraza ya namna hii takriban 10,000.

Kabla ya 1894 mambo ya kijiji yaliamuliwa kwenye mkutano wa waumini uliopewa jina la chumba cha sakristia. Kasisi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mkutano huo ulihusika na kodi za kijiji na, mpaka sheria ya maskini ilipobadilishwa mwaka 1834, na mgawo wa msaada kwa wasiojiweza. Kura zenyewe hazikuwa sawa. Sheria ya 1818 ilimpa mwenye mali nyingi kura zaidi, mpaka kura 6 kwa mtu mmoja. Yaani kabaila akinyoosha mkono, alihesabiwa kama watu sita.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa inaondoka. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio mashamba na malisho yaliyokuwa ya wote. Familia iliyokuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja na kuokota kuni ikabaki na mikono tu ya kuuza. Kibarua wa shambani aliishi kwenye nyumba ya mwajiri mara nyingi, akasali kanisa la mwajiri, na akizeeka au akiugua, aliowaomba msaada walikuwa watu walewale.

Joseph Arch aliyaona haya mapema. Alizaliwa mwaka 1826 Barford, Warwickshire, mtoto wa kibarua. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1898 anaeleza kwamba akiwa na miaka saba hivi alichungulia kupitia tundu la ufunguo wa mlango wa kanisa, aone watu wazima wanafanya nini kwenye meza ya Bwana. Akaona foleni. Mbele kabaila, kisha wakulima wakubwa, kisha wafanyabiashara na mafundi, na mwisho kabisa vibarua na nguo zao za kazi. Baba yake alikuwa kwenye kundi hilo la mwisho. Mtoto yule hakusahau.

Alipokua alikuwa fundi wa kukata na kusuka ua wa miti, na mhubiri wa Methodisti wasio wa kanisa la serikali. Tarehe 7 Februari 1872 vibarua wa Wellesbourne walimwita aongee nao. Walikusanyika gizani chini ya mti mkubwa, wengi kuliko alivyotarajia, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha taifa cha vibarua wa mashambani. Mwaka 1884 wanaume wenye kaya vijijini walipata kura ya Bunge, na mwaka uliofuata Arch akachaguliwa mbunge. Kumbe sasa kibarua angeweza kumchagua mtu wa kwenda London, lakini kijijini kwake kasisi na kabaila bado walikalia viti vyao vya zamani.

Hapo ndipo ulipokuja muswada wa mabaraza ya parokia. Serikali ya Kiliberali ya Gladstone iliusukuma, na mabwana wa Bunge la juu, wengi wao wenye ardhi, wakaupunguza makali. Tarehe 1 Machi 1894 Gladstone, akiwa na miaka 84, alisimama Bungeni kuzungumzia mabadiliko hayo. Aliyakubali kwa shingo upande, akaonya kwamba mvutano kati ya Bunge la waliochaguliwa na Bunge la waliorithi viti hauwezi kuendelea hivyo. Ilikuwa hotuba yake ya mwisho katika Bunge hilo. Siku mbili baadaye alijiuzulu, na tarehe 5 Machi muswada ukawa sheria. Mwanasiasa aliyekuwa waziri mkuu mara nne aliaga Bunge akitetea baraza la kijiji.

Sheria yenyewe inasomeka kavu, lakini ukiisoma taratibu unaona waliyemfikiria. Kijiji chenye watu 300 au zaidi kipate baraza la wajumbe 5 hadi 15. Kilicho kidogo zaidi kiwe angalau na mkutano wa wapigakura wote. Ada ya kuingia mezani isiwe mali. Mtu asizuiwe kwa sababu ya jinsia wala ndoa: wanawake, hata walioolewa, waliweza kupiga kura na kuchaguliwa kwenye mabaraza haya, miaka 24 kabla ya mwanamke yeyote kupiga kura ya Bunge. Baraza liweze kutafuta ardhi ya kukodisha kwa wasio na shamba, na mwenye ardhi akikataa, kuwe na njia ya kumlazimisha kupitia kaunti.

Halafu kuna vifungu viwili ninavyovipenda kuliko vyote. Mkutano wa kijiji usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni. Na usifanyikie baa kama kuna chumba kingine kinachofaa. Kwa mtu wa mjini hizi ni taratibu tu. Kwa kibarua anayetoka shambani jua likizama, saa ya kikao ndiyo haki yenyewe. Ukitaka kumnyima mtu sauti huna haja ya kumfukuza. Itisha mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi, kisha andika kwenye muhtasari kwamba hakuhudhuria.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 1894, sehemu nyingi kwenye madarasa ya shule, na matokeo yalichanganyika. Kuna vijiji ambako vibarua na mafundi waliingia, na vingine ambako wakubwa walirudi palepale. Sababu moja haikujificha: kura ilipigwa kwanza kwa kunyoosha mikono. Mwajiri wako, ambaye pia ni mwenye nyumba yako, amekaa safu ya mbele akigeuka kuangalia nani kanyoosha. Ni wangapi wangethubutu? Fedha nazo zilibanwa. Baraza halikuweza kutoza zaidi ya peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya mali bila idhini ya mkutano wa kijiji, wakati pauni ilikuwa na peni 240. Lilipewa mlango, likanyimwa mfuko.

Udogo tunaoucheka leo ulianzia hapo. Mabaraza haya hayakupewa shule wala hospitali. Yalibaki na makaburi, viwanja vya kuchezea, vibanda vya basi, taa za njia za miguu, vishamba vya kukodi, na maoni kuhusu vibali vya ujenzi. Ukisoma habari za baraza lolote la kijiji utakuta orodha hiyohiyo, pamoja na sherehe ya kiangazi na mashindano ya maboga. Lakini mara mojamoja udogo huo huzaa kitu. Mwaka 2009 kijiji cha Westbury-sub-Mendip, Somerset, kilipoteza maktaba yake ya gari. Baraza lilinunua kibanda chekundu cha simu kwa pauni 1, wanakijiji wakaweka rafu na kukijaza vitabu. Maktaba ndogo kiasi kwamba anayechagua kitabu anaziba mlango.

Mwaka 1972 sheria ya serikali za mitaa iliandikwa upya, wilaya nyingi zikafutwa, lakini mabaraza ya parokia yakabaki. Na kifungu cha saa kumi na mbili kikabaki nacho. Mpaka leo, mkutano wa mwaka wa wapigakura wa kijiji hauruhusiwi kuanza mapema zaidi, ingawa vibarua wa Arch hawapo na mashamba yao yanalimwa na mashine. Imebaki pia ruhusa nyingine ya 1894: wapigakura 6, watu wa kawaida wasio madiwani, wanaweza kuitisha mkutano wa kijiji chao. Ni idadi ileile ya kura alizokuwa nazo tajiri mmoja chini ya sheria ya 1818.

Kwa hiyo zile kelele za Handforth sizioni kama upuuzi mtupu. Uchunguzi uliofuata ulihitimisha kwamba kisheria Weaver hakuwa na mamlaka ya kumtoa mwenyekiti, ingawa hatua yake ilieleweka kwa mazingira yale. Mamlaka ni ya nani, na yameandikwa wapi? Hilo lilikuwa swali la Barford na Wellesbourne pia, ila kule halikuchekesha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vikao visivyo na kelele. Kiti cha diwani kikibaki wazi, sheria inataka wapigakura 10 tu waandike kudai uchaguzi. Wasipopatikana, madiwani waliobaki wanamteua mtu wanayemtaka. Vijiji vingi vinajaza viti kwa njia hiyo, na hata uchaguzi wa kawaida mara nyingi hauna mshindani. Tangazo linabandikwa ubaoni, karibu na bango la sherehe ya kiangazi, linakaa siku zake 14, mvua inalilowesha, kisha linabanduliwa. Mlango uko wazi, saa kumi na mbili imefika, na viti vya mbele wanakalia wenye muda.