Usugu Unaorithiwa na Usugu Unaogawiwa: Hoja kutoka Bonde la Mto Kongo

Mwaka 1979 kuhara damu kulizuka kaskazini-mashariki mwa Zaire, kukaenea hadi Rwanda na Burundi. Bakteria aliyekusababisha, Shigella dysenteriae aina ya 1, alikuwa tayari anastahimili dawa kadhaa za kawaida. Trimethoprimu ilipotegemewa, akapata usugu dhidi yake kwa plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Asidi ya nalidiksi ilipochukua nafasi yake, usugu ukaja tena, safari hii kwa mutesheni katika kromosomu. Matokeo kwa mgonjwa ni yale yale, lakini njia hizo mbili hazizuiwi kwa namna moja, na ndipo mafunzo yetu ya afya yanapopungukiwa.

Mutesheni ni kosa la kunakili DNA. Wanasayansi Luria na Delbrück walionyesha mwaka 1943 kwamba hutokea kabla bakteria hajakutana na kinachomuua. Dawa huchagua tu waliokwisha kubadilika, nao huwarithisha wazao wao. Plasmidi haingoji kizazi. Escherichia coli asiye na madhara, ndani ya utumbo wa mtu mzima wa afya, anaweza kumpa Shigella jeni zinazoshinda dawa tatu au nne kwa mara moja. Kwa hiyo mkazi wa Barumbu, Kinshasa, aliyemeza dozi yake yote bila kuruka hata kidonge anaweza kuugua ugonjwa sugu uliotengenezwa katika matumbo ya watu asiowajua na kumfikia kwa maji. Kumlaumu mgonjwa huyo ni kukosea sayansi, na pia ni kumdhulumu.

Tanzania ilitoa ushahidi mzito. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 1977, bakteria wake, Vibrio cholerae, alidhibitiwa na tetrasiklini. Baada ya miezi mitano ya kuigawa kwa wingi, hata kwa wasiougua, asilimia 76 ya sampuli zilikuwa sugu. Kasi hiyo ni vigumu kuieleza kwa makosa ya kunakili peke yake.

Kuna pingamizi la maana: uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina sugu za kipindupindu barani Afrika tangu mwaka 2000 zililetwa kutoka Asia. Basi matumizi yetu ya dawa yana kosa gani? Pingamizi hili linaeleza mlango wa kuingilia, halielezi kuenea. Mwaka 2011 kipindupindu kilitoka Kisangani kikashuka na mto hadi Kinshasa, kupitia jamii zinazokunywa maji yale yale yanayopokea kinyesi. Jeni ikishafika, choo na maji safi huikatia njia zaidi kuliko onyo lolote la duka la dawa.

Kifua kikuu ni tofauti. Bakteria wake hawagawiani plasmidi. Usugu wao hutokana na mutesheni, na hapo kumaliza dozi kuna uzito wote unaohubiriwa. Kosa ni kuichukua kanuni hiyo nzima na kuipeleka kwenye kuhara.